Haji Mwenye Tasbihi ya Punje 100

Wanangu, sogeeni niwasimulie habari za Nain Singh, mwalimu wa shule wa bonde la Johar, milimani Himalaya, upande wa India.

Miaka ya 1860, Tibet ilikuwa imewafungia Wazungu milango. Waingereza waliokuwa wakitawala India waliitaka sana ramani ya nchi hiyo, lakini hawakuthubutu kutia mguu. Basi wakamtafuta Nain Singh, mtu wa mpakani anayejua Kitibeti, wakamfundisha kupima ardhi mjini Dehra Dun, wakamtuma.

Avae nini? Angejifanya mzaliwa wa Lhasa, mji mkuu wa Tibet, swali moja tu la ukoo wake lingemuumbua. Kwa hiyo akavaa kama mfanyabiashara anayekwenda kuhiji. Watu wa namna hiyo walipita huko siku zote, na macho ya wenyeji yalikwisha kuwazoea. Alipozuiwa njiani alibadili mavazi, akawa mtu wa Ladakh, na mkia wa nywele za bandia akaupachika kichwani. Naipenda sana akili hiyo: alijua kwamba mgeni anayetarajiwa hatazamwi mara mbili.

Tena vazi lile lilimpa sababu ya kila alichokifanya. Tasbihi ya Wabudha ina punje 108. Yake ilikuwa na 100. Kila hatua 100 alisogeza punje moja, hivyo mzunguko mmoja ukawa hatua 10,000. Alikuwa amezoezwa kutembea kwa hatua zilizo sawa, apande mlima au ashuke. Hesabu zake aliziandika kwenye vikaratasi, akavificha ndani ya gurudumu la sala, mahali pa maandishi ya dua. Mtu akimkaribia, alilizungusha na kunong'ona, maana hakuna aliyependa kumkatiza mtu anayesali. Kipimajoto kilifichwa ndani ya fimbo. Kwa hicho alipima joto la maji yanayochemka: kadiri unavyopanda juu, ndivyo maji yanavyochemka kabla ya kupata moto mkali, na hapo unajua uko kimo gani.

Hata hivyo, wanangu, jambo moja linaniuma. Waliompisha njiani waliheshimu sala, wala hawakujua kwamba nchi yao inapimwa kwa ajili ya watu wengine. Miaka mingi baadaye, mwaka 1904, jeshi la Waingereza liliingia Lhasa kwa nguvu.

Turudi kwenye safari yake. Nain Singh alifika Lhasa Januari 1866. Fedha zilipomwishia, alifundisha wafanyabiashara hesabu ili apate riziki. Siku moja akamwona mtu akikatwa kichwa hadharani kwa kosa la kuingia mjini bila ruhusa. Hofu ikamshika, akawa hatoki ovyo. Wafanyabiashara wawili Waislamu wa Kashmir walimtambua. Wangemsema, asingepona, lakini wakaitunza siri yake, wakamkopesha na fedha kwa rehani ya saa yake. Alirudi India akiwa ametembea karibu kilomita 1,900 huku akihesabu.

Mwaka 1874 alikwenda tena, safari hii kwa mavazi ya lama, akiswaga kondoo waliobeba mizigo. Ila mjini Lhasa alikutana na mfanyabiashara wa mji wa Leh, kule Ladakh, aliyemjua kwa sura. Vazi halikuwa na la kumsaidia hapo. Hakukaa ila siku chache, akashika njia ya Assam, na ramani yake ikasonga mbele hatua kwa hatua.