Bustani Yenye Ndege, Nyuki na Maji Moto

Mkulima apelekaye nazi au ndizi Marikiti, Mombasa, akiisha kuuza asifanye haraka kurudi kwake. Na aingie kidogo katika vichochoro vya Mji wa Kale. Nyumba zimebanana, wala hapana nafasi ya kulima hata tuta moja. Hata hivyo ataona mrehani na asumini zimepandwa katika madebe uani na katika roshani. Wenyewe huzipanda kwa ajili ya harufu na maua ya vikuba. Lakini mrehani ukichanua huleta nyuki, na penye maua mengi huja chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda.

Ikiwa debe moja laweza kufanya hivyo katikati ya mji, je, wewe mwenye ekari zako katika makao ya wakulima?

Hapana shaka utauliza faida yake. Basi tuanze na maji moto, wale chungu wekundu washonao majani ya mwembe kuwa nyumba. Wakwezi hawawapendi, na aliyepata kuumwa nao juu ya mnazi hawezi kuwalaumu. Lakini yuko mdudu mmoja wa kahawia afyonzaye vidaka vya mnazi hata vikadondoka kabla ya kuwa vitale. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu M. J. Way alilichunguza jambo hili Unguja, akaona kwamba minazi yenye maji moto wengi haidhuriki sana na mdudu huyo, kwa kuwa maji moto humfukuza na kumla. Hata jina la kitaalamu la mdudu huyo limetokana na jina la Bwana Way.

Kwa hiyo usiyachome majumba yao. Maji moto hupenda miti iliyokaribiana ili wapite toka tawi hata tawi; panda michungwa na milimau kati ya minazi, wala usiparue ardhi yote ikabaki tupu. Wakati wa kuchuma, jipake majivu mikononi na miguuni.

Popo nao wana kazi. Maua ya mbuyu hufunguka usiku, na popo walao matunda ndio wachukuao chavua yake. Mibuyu mikubwa iliyoko kisiwani Mombasa, kando ya bahari kuelekea Likoni, isingezaa mabuyu vizuri bila wageni wa usiku. Popo wengine hula wadudu warukao. Waache walale, wala usiwashike kwa mikono, maana huweza kuwa na maradhi.

Sasa tuje kwenye jambo la kusikitisha. Ukikaa asubuhi katika Mji wa Kale, sauti utakayoisikia kupita zote ni ya kunguru mwenye shingo ya kijivu. Huyu si wa kwetu. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili ale taka za mjini, na mwaka 1947 akaonekana Mombasa. Tangu hapo ameenea pwani. Hula mayai na makinda ya ndege wadogo, na vifaranga wa kuku vilevile, kama mama yeyote afugaye kuku ajuavyo. Usimchanganye na kunguru wetu wa asili mwenye kifua cheupe.

Mwaka 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaua kunguru hao kufikia milioni moja kwa sumu maalumu. Kazi hiyo ni ya wenye ruhusa. Mkulima atiaye dawa ya wadudu katika nyama ili amkomeshe kunguru ataua mwewe, paka na mbwa wa jirani, na pengine mtoto.

Mkulima anayo silaha nyingine, nayo ni usafi. Kunguru huyu alikuja kwa ajili ya taka, na taka ndizo zimwekazo. Zika matumbo ya samaki na ya kuku siku ileile. Funika shimo la takataka. Vifaranga uwaweke chini ya tenga mpaka wapate nguvu. Jambo hili ni gumu kwa mtu mmoja, kwa kuwa kunguru hali kwako peke yako. Lifaa lizungumzwe katika baraza la majirani wote.

Ndege wadogo nao wapewe mahali pa kujificha. Uzio wa mhina uliosongamana ni mzuri: ukiachwa kidogo bila kukatwa, hutoa maua yenye harufu yapendwayo na nyuki, na majani yake yana wanunuzi. Karibu na jiko panda mrehani, nawe uuache uchanue kabla ya kuvuna wote. Ikiwa huna budi kutia dawa shambani, tia jioni nyuki wakiisha kurudi mzingani, wala usitie juu ya maua.

Wakati wa kiangazi weka maji katika chombo kipana kisicho na kina, utie na mawe machache ili nyuki wasizame. Yamwage kila baada ya siku mbili na kutia mengine, mbu wasije wakazaliana humo.