Fahamu: Wababe wa kivita ni nani, na waliigawanaje Mogadishu?

Mbabe wa kivita ni kiongozi wa wanamgambo anayetawala eneo kwa mtutu wa bunduki serikali kuu inapoanguka.

Chanzo
Januari 1991 Rais Siad Barre wa Somalia alitimuliwa Mogadishu. Waliomng'oa hawakuelewana: Mohamed Farah Aidid na Ali Mahdi Mohamed wakaugawana mji.

Walipataje fedha?
Waliweka vizuizi barabarani na kutoza ushuru, wakilindwa na vijana kwenye pikapu zilizofungwa bunduki nzito. Misaada ya chakula iliporwa huku njaa ikiua.

Nini kilifuata?
Vikosi vya Umoja wa Mataifa, vilivyotumwa kulinda misaada hiyo, viliondoka Machi 1995. Mwaka 2006 kundi lenye silaha la Mahakama za Kiislamu liliwafurusha wababe hao Mogadishu. Serikali ya Shirikisho iliundwa 2012.

Kambi za Dadaab, Kenya, zilizoanza kufunguliwa 1991 kwa wakimbizi wa vita hivyo, zipo hadi leo.