Je, Wajua? Nenda na Mizani Ukanunue Godoro

Je, wajua kwamba binadamu alitandika malalo kabla hajajua kulima? Katika pango la Sibudu, KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, wanaakiolojia walikuta malalo ya majani yenye umri wa miaka 77,000. Juu yake palitandazwa majani ya mti ambao kemikali zake huua wadudu, mbu wakiwemo. Border Cave, pango jingine la huko huko, lilitoa malalo ya nyasi ya miaka 200,000, yaliyotandikwa juu ya jivu. Mdudu atambaaye hapendi jivu. Basi hao wahenga waliutaka usingizi mwororo, na waliutaka bila kuumwa.

Je, wajua neno la Kiingereza la godoro, *mattress*, lilitoka kwa Waarabu? Asili yake ni *matrah*, mahali pa kutupia kitu, na lilifika kaskazini kwa kupitia Kiitaliano na Kifaransa.

Je, wajua kwa nini godoro la sufi halilowi upesi? Unyuzi wa msufi una uwazi ndani na nta kwa nje. Kwa sababu hiyo sufi iliwahi kujazwa katika majaketi ya kuokolea mabaharia. Shida yake wazee wa pwani wanaijua: hushikana mabonge, ikabidi ianikwe juani na kuchambuliwa upya.

Sponji ni mgeni wa juzi. Otto Bayer na wenzake waligundua kemia ya poliurethani mjini Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937, na magodoro yake yakaenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Je, wajua kwamba densiti na ugumu ni vitu viwili? Hapa ndipo wanunuzi wengi tunapopotea. Ugumu ni jinsi sponji inavyoupinga mwili unapoilalia. Densiti ni kilo zilizomo katika mita moja ya ujazo, na ndiyo inayoashiria godoro litavumilia kwa muda gani kabla halijabonyea katikati. Kiwandani sponji nyepesi inaweza kufanywa ngumu, na nzito ikafanywa laini. Kwa hiyo ule mtindo wetu wa kulibonyeza godoro kwa kiganja, kisha kutikisa kichwa kwa kuridhika, hausemi lolote kuhusu uhai wake.

Je, wajua lebo ya densiti unaweza kuihakiki mwenyewe? Chukua godoro la futi 5 kwa 6, unene inchi 8. Inchi 8 ni theluthi mbili za futi, hivyo ujazo wake ni futi za ujazo 20. Mita moja ya ujazo ina futi za ujazo 35.3. Gawanya, utapata 0.57 ya mita ya ujazo. Lebo ikisema densiti 30, godoro hilo litakuwa na kilo 17 hivi. Panda kwenye mizani ukiwa umelikumbatia, kisha panda peke yako, utoe. Ukikuta kilo 11, densiti hiyo haifiki hata 20. Ningependa kila duka la magodoro liwe na mizani mlangoni kama muuza nyama.

Uzito nao unaweza kughushiwa. Unga wa chokaa ukichanganywa katika sponji huongeza kilo bila kuongeza uimara, na vipande chakavu vilivyosagwa na kugandishwa kwa gundi huwa vizito sana. Uliza godoro limeundwa kwa nini. Muuzaji mwaminifu atakufungulia zipu ya foronya uone mwenyewe.

Je, wajua kwamba godoro gumu kama ubao si dawa ya mgongo? Mwaka 2003 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa Uhispania uliohusisha watu wazima 313 wenye maumivu sugu ya kiuno. Nusu walipewa magodoro magumu, nusu ya ugumu wa wastani. Baada ya siku 90, wa ugumu wa wastani ndio walioeleza nafuu zaidi. Neno "othopediki" lililochapwa kwenye kitambaa halina kipimo kimoja kinachokubalika duniani kote, kwa hiyo lisikuongezee bei peke yake.

Je, wajua kwamba asubuhi wewe ni mrefu kuliko jioni? Diski za uti wa mgongo hubanwa mchana kutwa, na usiku hunyonya maji zikajaa tena. Tofauti hukaribia asilimia 1 ya kimo. Lala chali dukani, pitisha kiganja chini ya kiuno. Kikipita kwa uwazi mkubwa, godoro ni gumu mno kwako. Kisipopita kabisa, umezama. Anayelala ubavu anahitaji ulaini zaidi begani na nyongani. Mnaolala wawili, nendeni wawili.

Je, wajua kwamba godoro jipya huharibiwa na chaga? Chaga zikiachana mno, sponji huzama kati yake, na lawama huangukia kiwanda.

Ile sponji inayokumbuka umbo la mwili ilitokana na kazi ya Charles Yost kwa NASA mwaka 1966. Hulainika kwa joto, kwa hiyo anayeishi mji wenye joto kali ailalie kwanza wakati wa mchana.

Na ule mfuko wa nailoni tunaouacha ili godoro lisichafuke, uvueni. Jasho hukosa njia ya kutokea.

Mtoto mchanga alazwe chali, kwenye godoro gumu na bapa, lisiloacha nafasi pembeni, bila mto wala mablanketi mazito. Hili halina mjadala.

Je, wajua godoro ambalo wazazi hulinunua haraka kuliko yote? Ni lile la bweni: futi 2.5 kwa 6, inchi 4, ujazo futi 5 tu. Likiwa na kilo 2, densiti yake ni 14, na mtoto atalilalia miaka minne. Densiti ya 25 ingelifikisha kilo 3 na nusu. Kilo moja na nusu tu: atalibeba.