Soda ya siku ya mavuno: jinsi ya kumpa mtoto kitamu bila kumnyima lishe



Mpunga umeuzwa, deni la dukani limelipwa, na mkononi imebaki fedha kidogo. Siku ya mnada unakwenda na watoto. Huku chipsi zinakaangwa, kule soda za baridi, biskuti, barafu za rangi kwenye vifuko na ubuyu mwekundu. Mtoto anakuvuta kanga. Unamnunulia, kwa sababu tangu kilimo kianze umekuwa ukimwambia, "Subiri mavuno." Usiku unakumbuka maneno ya mhudumu wa afya kliniki na moyo unakusuta: je, nimemkosea mwanangu?

Kama mtoto wako ameshapita miaka 2 na siku nyingine anakula vizuri, hujamkosea. Afya ya mtoto inajengwa na kile anachokula siku hadi siku, wala haibomolewi na soda ya siku moja. Lakini yapo mambo matatu ya kuangalia kabla ya kumpa: umri wake, kiasi unachompa, na nafasi ambayo kitamu hicho kinachukua tumboni mwake.

Kwa nini jambo hili ni zito kwetu Iringa

Mkoa wetu unalisha watu wengi. Idodi tunalima mpunga na mahindi, na nyanda za juu kuna viazi, maharage, mboga na matunda. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takribani asilimia 57 ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Kwa nchi nzima ni asilimia 30. Hakuna mkoa mwingine uliokuwa na kiwango kikubwa kama chetu.

Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko anavyopaswa kuwa kwa umri wake, na mara nyingi ubongo wake nao haukupata vya kutosha wakati ulipokuwa ukikua kwa kasi. Kipindi chenye uzito zaidi ni siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka 2.

Tuseme ukweli: biskuti na soda hazikuleta udumavu Iringa. Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1983 mkoa huu ulianza mradi mkubwa wa lishe katika vijiji 168, ukisaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Watoto walipimwa uzito vijijini, na wanakijiji wenyewe wakakaa kujadili kwa nini wengine hawakui. Sababu zilizoonekana tangu wakati huo bado tunazo: mlo wa aina moja, kuharisha na homa za mara kwa mara, na mama mwenye kazi nyingi kiasi cha kukosa muda wa kumlisha mtoto mara kadhaa kwa siku.

Kilicho kipya ni kwamba siku hizi karibu kila duka la kijijini lina pipi, biskuti, krisps na juisi za unga. Mtoto ambaye tayari anakula ugali na mboga kidogo anajaziwa tumbo kwa vitu ambavyo havimjengi. Hapo ndipo kitamu kinapogeuka kuwa hasara.

Tumbo la mtoto ni dogo

Tumbo la mtoto mchanga anayeanza kula hubeba takribani mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8 anabeba kama mililita 240, yaani kikombe kimoja cha chai. Nafasi yote anayopata kwa mlo mmoja ni hiyo.

Sasa fikiria mtoto huyo amepewa biskuti mbili za kuchovya kwenye chai saa nne asubuhi. Saa sita unaleta ugali laini, maharage yaliyopondwa na mchicha. Anafumba mdomo na kugeuza kichwa. Unadhani hapendi mboga, kumbe ameshiba. Unga mweupe na sukari vimekalia nafasi ya maharage.

Na chai ya majani ina shida yake pia. Inazuia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani, na mtoto akikosa madini hayo hupungukiwa damu. Mtoto mdogo hahitaji chai.

Kwanza, angalia umri

*Tangu kuzaliwa hadi miezi 6.* Maziwa ya mama pekee. Hakuna maji, hakuna uji, hakuna kuonjeshwa soda "ili asitamani".

*Miezi 6 hadi miaka 2.* Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa umri huu wasipewe kabisa soda, juisi za sukari wala vyakula vyenye sukari na chumvi nyingi. Huu ndio umri wa kujifunza ladha. Mtoto ambaye uji wake haujawahi kutiwa sukari haidai, kwa sababu haijui. Asali nayo asipewe kabla ya kutimiza mwaka 1, kwani inaweza kuwa na vijidudu vya hatari kwake. Endelea kumnyonyesha hadi miaka 2 au zaidi.

*Miaka 2 hadi 5.* Anaweza kuonja kitamu mara mojamoja, kwa kiasi kidogo, akiwa ameshakula. Usimpe karanga nzima wala pipi ngumu, zinaweza kumkaba. Karanga zisage au zitwange.

*Anayekwenda shule.* Huyu tayari anajinunulia mwenyewe wakati wa mapumziko. Kumkataza kila kitu hakutasaidia. Mfundishe kuchagua, na hakikisha ameondoka nyumbani akiwa na kitu tumboni.

Kuna kimoja ambacho hakina umri kwa mtoto: pombe. Ulanzi, hata ukiwa bado mtamu, si kinywaji cha mtoto.

Pili, angalia kiasi

Chupa ya soda ya mililita 350 huwa na sukari takribani vijiko 9 vya chai. Mtoto wa miaka 4 au 5 anahitaji kama kilokalori 1,200 kwa siku, na Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya hizo. Hiyo ni kama vijiko 7 kwa siku nzima, ukijumlisha na ile ya kwenye uji na maandazi. Chupa moja peke yake imeshavuka.

Hii haina maana kwamba soda imepigwa marufuku nyumbani kwako. Chupa moja igawanywe kwenye vikombe, watoto watatu au wanne wanywe pamoja na mama aonje. Sahani ya chipsi iliwe na watoto wote, juu yake uweke yai na kachumbari. Mtoto anafurahia kushiriki sherehe kuliko ukubwa wa chupa.

Chagua pia mahali pa kununua. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi hadi yakawa meusi na mazito si mazuri kwa afya. Chakula kilichokaa wazi kwenye vumbi na nzi kinaweza kumletea mtoto kuharisha, na kuharisha mara kwa mara kunamrudisha nyuma katika ukuaji.

Tatu, angalia nafasi

Mfano: watoto wawili wa miaka 4 wamekula pipi tatu kila mmoja. Wa kwanza amezila pamoja baada ya chakula cha mchana, akanywa maji. Wa pili amepewa moja asubuhi, moja mchana, moja jioni. Idadi ni ileile, lakini wa pili ameumia zaidi. Bakteria wa mdomoni hula sukari na kutoa asidi inayokwangua meno, na kila sukari inapoingia asidi hiyo huanza upya. Isitoshe, huyu wa pili amepoteza hamu ya kula mara tatu.

Kwa hiyo shika kanuni hizi ndogo:

- Chakula kwanza, kitamu baadaye. Kamwe kisichukue nafasi ya mlo.
- Kiwe na siku yake, kwa mfano siku ya mnada au sikukuu. Mtoto akijua siku ipo, ataacha kulia kila mnapopita dukani.
- Kisikae ndani ya nyumba. Pakiti ya biskuti iliyo kabatini italiwa tu.
- Kisiwe zawadi wala adhabu. Ukisema "maliza mboga nikupe pipi", umemfundisha kwamba mboga ni mzigo na pipi ndiyo tuzo.
- Kisiwe siri. Watafiti wa ulaji wa watoto wameona kwamba kinachofungiwa kabisa mtoto hukitamani zaidi, na akikipata hukila kupita kiasi.

Vitamu tulivyonavyo hapa hapa

Si kila kitamu kinatoka dukani. Nchi yetu ya Idodi ina mibuyu na mikwaju. Unga wa ubuyu wa asili, ule mweupe usiotiwa rangi wala sukari, una vitamini C kwa wingi. Koroga kijiko kimoja kwenye uji baada ya kuuepua, kwa sababu moto mkali hupunguza vitamini hiyo. Ladha yake ya uchachu watoto wengi huipenda. Ubuyu mwekundu wa kwenye vifuko unatoka kwenye tunda hilohilo, lakini umeongezewa sukari na rangi, basi uhesabu kuwa ni pipi.

Togwa tuliyokunywa utotoni haihitaji sukari, kwani kimea chenyewe huleta utamu. Iandae kwa maji yaliyochemshwa na vyombo safi. Kimea kina faida nyingine kwa mtoto mdogo. Uji mzito ukitiwa unga kidogo wa kimea ungali na joto hulainika bila kuongeza maji. Urudishe motoni uchemke tena, kisha umlishe. Kijiko kilekile sasa kina chakula kingi zaidi, na tumbo dogo halijazwi maji.

Vingine ni embe na papai kwa msimu wake, ndizi mbivu, boga la kuchemsha, viazi lishe vya rangi ya chungwa, mahindi mabichi ya kuchemsha, na kitumbua cha mchele wetu wenyewe chenye sukari kidogo.

Mlo wa kila siku nao ukamilike. Kwenye sahani ya mtoto usikose nafaka, maharage au kunde, mboga za majani na tunda, na kila inapowezekana yai, maziwa, dagaa au nyama kidogo. Ukisimama dukani, linganisha bei ya soda na bei ya yai. Mara nyingi utakuta fedha ya soda inatosha yai na chenji inabaki.

Bibi, wajomba na majirani

Mara nyingi pipi haitoki kwako. Bibi anampenda mjukuu, baba amerudi safari na mfuko wa biskuti. Usimvunjie mtu heshima mbele ya mtoto. Pokea, shukuru, kisha sema kwa upole: "Mama, asante sana. Nitamwekea akishakula." Siku nyingine mweleze mapema: "Mama, kliniki wametuambia bado hajafikia umri wa sukari. Ukitaka kumfurahisha, mletee ndizi au yai." Bibi akipata namna nyingine ya kuonyesha upendo, hatajiona amekataliwa.

Lini uende kituo cha afya

Usingoje kama mtoto haongezeki uzito au urefu, anakataa chakula siku kadhaa, anaharisha mara kwa mara, ana meno yenye weusi au maumivu, au anaonekana mnyonge na viganja vyake vimepauka. Nenda na kadi ya kliniki kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kukushauri nyumbani kwako, na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ni nafasi ya kumpima mtoto na kuuliza maswali bila kusafiri mbali.

Muulize mhudumu akuonyeshe mstari wa ukuaji kwenye kadi. Ukipanda mwezi hadi mwezi, mlo wa nyumbani kwako unafanya kazi yake, na nusu kikombe cha soda ya siku ya mnada hakitauangusha. Usipopanda, anza na sahani ya kila siku: mtoto anakula mara ngapi, anakula nini, na nani anamlisha ukiwa shambani.

Kwa hiyo mavuno yajayo, mama, nenda mnadani na watoto wako. Walishe kwanza nyumbani, beba maji ya kunywa, mgawane soda moja, mcheke. Na mkirudi, mfukoni mwako yawepo mayai ya kesho asubuhi.