Ingoma, Mti na Kura

Katika Kirundi neno ingoma lina maana mbili. Ya kwanza ni ngoma hii ipigwayo kwa mikwiro miwili. Ya pili ni utawala, yaani enzi ya mfalme. Hapo kale mambo haya mawili hayakutengwa. Mwezi wa Desemba mwami alitangaza kupandwa kwa mtama katika sikukuu iliyoitwa umuganuro, ngoma zikalia, na raia wakajua ya kuwa majira yamefika. Basi habari za mvua zilikuwa habari za utawala. Desturi ile ilikoma siku za Wabelgiji, na tangu hapo sisi wanafunzi husoma habari za mvua katika jiografia, na za utawala katika somo la uraia, kana kwamba ni vitu viwili.

Atokaye Magarama, ambako shule yetu iko, aweza kwenda Gishora kwa miguu na kurudi siku ile ile. Huko ndiko walipo wapiga ngoma mashuhuri, na mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma yetu katika orodha ya urithi wa watu wote duniani. Ngoma ile huchongwa katika gogo la mti uitwao umuvugangoma. Jina lake lenyewe lina ngoma ndani yake. Nao si mti wa kukua kwa haraka kama mwingine. Tazama vilima vyetu uone kilichopandwa: mikaratusi. Siwalaumu wenye kuipanda, kwani hukua upesi, na mtu ahitaji kuni, makaa na boriti mwaka huu, wala si mwaka ambao wajukuu wake watacheza ngoma.

Sasa wazee wasema mvua imeharibika. Imeharibika namna gani? Wenye elimu wameeleza hivi. Makaa ya mawe, mafuta na gesi vikichomwa, hutoa hewa ya ukaa, nayo hukaa angani ikizuia joto lisitoke, kama blanketi. Kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni za hewa, sehemu 280 hivi zilikuwa za ukaa. Sasa zimepita 420. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote iliyopimwa. Tena hewa yenye joto huchukua mvuke mwingi zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila digrii moja. Ndiyo sababu mvua ikija, huja kwa kishindo. Na ikikawia, jua hukausha udongo upesi.

Mwezi wa Aprili 2020 mto Rusizi ulivunja kingo zake, na watu wa Gatumba wakahama na magodoro vichwani. Baadaye Ziwa Tanganyika likapanda. Ziwa lile hupokea mito mingi, bali mto utokao ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, kwa hiyo likishajaa haliteremki upesi. Kati ya Septemba 2023 na Aprili 2024 watu zaidi ya 200,000 katika Burundi walipatwa na madhara ya mvua na mafuriko, hata serikali ikaomba msaada wa mataifa. Mwaka ule joto la bahari, liitwalo El Nino, lilizidisha mvua.

Walakini asiseme mtu kwamba kila tope lililoingia nyumbani kwake limetoka ng'ambo. Afrika nzima hutoa sehemu ndogo sana ya hewa ya ukaa, na Burundi hutoa chembe tu. Hilo ni kweli. Lakini kilima kisicho na miti wala mifereji tumekivua nguo sisi wenyewe. Udongo wa Gitega na wa Muyinga huteremka hata mto Ruvubu, kisha Kagera, kisha Ziwa Victoria, na safari yake huelekea Nili. Twawapelekea watu wa mbali shamba letu bure.

Hapa ndipo kura inapoingia. Kwanza kura za wengine. Wamarekani walipiga kura mwezi wa Novemba 2024. Na tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile rais wao mpya alipoapishwa, aliamuru nchi yake itoke katika Mapatano ya Paris juu ya tabia ya nchi. Mkulima wa Muyinga hakuwamo katika daftari lao, ila mvua yake ilikuwamo. Vijana nao wameweza jambo. Wanafunzi wa sheria katika visiwa vya Pasifiki walianza mwaka 2019 kudai kwamba Mahakama ya Kimataifa iulizwe wajibu wa serikali katika jambo hili. Serikali ya Vanuatu ikalichukua neno lao, na mwezi wa Julai 2025 mahakama ikajibu ya kwamba mataifa yana wajibu kisheria. Karibu nasi, Bibi Wangari Maathai wa Kenya alianza mwaka 1977 kupanda miti pamoja na akina mama, akapigania msitu wa Karura, kisha watu wa Tetu wakamchagua kuwa mbunge mwaka 2002. Aliipanda miti miaka 25 kabla ya kupewa kiti.

Mimi nina miaka 19. Mwezi wa Juni 2025, ulipokuwa uchaguzi wa wabunge, nilikuwa shuleni na jina langu liliandikwa nyumbani, basi sikupiga kura. Nilipiga mara ya kwanza mwezi wa Agosti, likizoni, kwetu Muyinga, katika uchaguzi wa baraza la kilima. Wengi huudharau uchaguzi huu. Hauna magari yenye vipaza sauti, na wagombea husimama kwa majina yao wenyewe, si kwa chama. Lakini mfereji na mche viko karibu na baraza hilo kuliko bunge.

Kabla ya siku ile, vijana sita tulitunga mchezo. Tulikumbuka hadithi tuliyosimuliwa na wazazi, jinsi mchezo wa redio Umubanyi Niwe Muryango, ulioanza mwaka 1997, ulivyowafanya majirani wasikilize pamoja habari za ujirani wakati wa vita. Wetu ulikuwa mdogo. Jirani wa juu amefukia mfereji wake ili aongeze mistari miwili ya maharage. Maji yateremka na kuchukua mihogo ya jirani wa chini. Kesi yaletwa, na Mvua mwenyewe aitwa kutoa ushahidi. Ngoma hatukuwa nayo, basi Mvua aliingia akipiga debe. Akaulizwa, "Mbona umeharibu?" Akajibu, "Mimi nilipita mlangoni. Nani aliufungua?"

Watu walicheka sana. Kisha mama mmoja mzee akasimama, akawageukia wagombea wawili waliokaa nyuma, akasema, "Wanangu, na mfereji wetu wa kweli utachimbwa lini?" Kicheko kikakoma. Mmoja akaahidi kuihesabu mifereji yote ya kilima. Wa pili akasema mchezo ni mchezo.

Nitasema kweli: yule wa pili alipata kura nyingi kuliko wote, naye ndiye mkuu wa kilima. Huyu wa kwanza aliingia pia katika baraza. Nilipokwenda nyumbani sikukuu ya Noeli nilikuta mfereji umechimbwa nusu, toka kwenye kisima hata shamba la yule mama, ukaishia hapo. Wengine husema alipendelewa. Mimi naona ndiye aliyeuliza.

Uchaguzi wa rais utakuwa mwaka 2027. Mchezo tunauandika upya hapa shuleni, katika Kirundi na Kiswahili, na safari hii yule Mvua tunataka aingie kwa ngoma ya kweli. Ajuaye kupiga na aje darasa la mwisho Jumamosi baada ya chakula. Debe tunalo bado.