Soma Doa Kabla ya Kubadilisha Kioo

Mvua hukatika hapa Bunia, Ituri, karibu na Desemba, na hadi Februari udongo mwekundu wa barabara za Mudzipela, Nyakasanza na Bankoko hausubiri upepo: pikipiki moja tu ikipita, unapanda hadi madirishani. Wekundu huo ni wa oksidi za chuma, zilizobaki baada ya mvua za maelfu ya miaka kuosha madini mengine. Majira hayo ndipo mtu huwasha simu usiku akaona doa ambalo jana hakuliona. Kesho yake yuko kwa fundi. "Ekra imekufa," anasema, na fundi anajibu kwamba dawa ni kubadilisha. Dola zinatoka, na wakati mwingine baada ya miezi michache doa linarudi, kwa sababu kilichougua hakikuwa kioo.

Naamini sehemu kubwa ya fedha hizo ingeweza kubaki mfukoni. Mjini hapa simu ndiyo benki, ndiyo redio, ndiyo njia ya kupata habari za ndugu waliokimbia vijiji vya Djugu na Irumu. Anayeikabidhi itengenezwe anastahili kujua anatengenezewa nini. Na doa husomeka. Umbo lake, rangi yake, na namna linavyokaa ukisogeza kichwa, vinakuonyesha ni tabaka gani la kioo lenye shida.

Simu nyingi za bei nafuu zinazofika Bunia kutoka Kampala kupitia Mahagi, au kwa mikono ya wafanyabiashara wa Butembo, zina kioo cha LCD. Kioo hicho hakitoi mwanga chenyewe. Nyuma kabisa kuna karatasi nyeupe inayorudisha mwanga, na juu yake bamba la plastiki angavu. Ubavuni mwa bamba hilo, kwa kawaida upande wa chini wa simu, umepangwa mstari wa taa ndogo za LED. Mwanga huingia kwa ubavu na kusafiri ndani ya bamba ukigonga kuta zake bila kutoka, isipokuwa pale kiwanda kilipoweka alama ndogo za kuutoa. Kisha inafuata karatasi ya kuutawanya, halafu karatasi za kuuelekeza mbele. Baada ya hapo ndipo ilipo sehemu yenye picha: fuwele za kimiminika zilizofungiwa kati ya vioo viwili vyembamba, navyo viko katikati ya vichujio viwili vya mwanga. Juu ya vyote kuna kioo unachokigusa kwa kidole.

Fuwele hizo alizikuta mtaalamu wa mimea, Friedrich Reinitzer, huko Prague mwaka 1888, alipokuwa akichunguza kitu kinachotokana na kolesteroli. Ilichukua miaka 80 hadi kundi la George Heilmeier wa kampuni ya RCA, Marekani, lilipoonyesha hadharani vioo vya kwanza vilivyozitumia, mwaka 1968.

Nafasi zinamokaa fuwele ina unene wa maikromita 3 hadi 5 hivi, na maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Tena imezibwa pande zote. Vumbi la barabarani haliingii humo. Kwenye simu nyingi za sasa, kioo cha juu nacho kimebandikwa kwa gundi angavu isiyoacha nafasi ya hewa. Kwa hiyo vumbi lililojitokeza polepole kwenye simu isiyowahi kufunguliwa limepita nyuma, likakaa kati ya karatasi za mwanga. Doa linaloonekana siku ileile simu inapotoka kwa fundi lina historia nyingine: huenda lilifungiwa ndani pale mezani pake.

Kulisoma hakuhitaji chombo. Kunahitaji giza, na Bunia umeme ukikatika usiku giza lipo la kutosha. Futa kioo, ongeza mwanga wa simu hadi mwisho, kisha fungua picha tupu za rangi moja moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu. Kila moja ijaze kioo kizima. Nyeupe hufichua kinachozuia mwanga. Nyeusi hufichua unaopita pasipotakiwa. Zile tatu hukuonyesha kama pikseli, yaani nukta zinazojenga picha, zinafanya kazi. Usitegemee picha iliyopigwa kwa simu nyingine, kwa sababu kamera gizani hukusanya mwanga kwa muda mrefu na kuufanya ulio hafifu uonekane mkali.

Kuna jaribio ambalo ningependa kila fundi amwonyeshe mteja wake. Chovya ncha ya kijiti cha kibiriti majini, udondoshee kioo tone dogo kuliko punje ya mchele, karibu na doa, mbali na matundu ya spika na chaja. Tone ni lenzi. Ndani yake, kwenye picha nyeupe, weupe unapotea na badala yake unaona vipande vyekundu, vya kijani na vya bluu vimepangwa safu kwa safu. Hivyo ndivyo vijisehemu vya pikseli. Kwenye kioo cha inchi 6.5 chenye pikseli 720 kwa 1600, pikseli moja ina upana wa takriban milimita 0.094, na kila kijisehemu ni thuluthi ya hapo. Sogeza tone polepole hadi juu ya doa. Ukikuta kijisehemu kimoja kimezimika huku majirani wake wanawaka, na mipaka yake imenyooka, hiyo ni pikseli iliyokufa au iliyokwama. Ukikuta safu zote ziko salama lakini zimefifia pamoja, kivuli kiko nyuma yao. Funga jicho moja, sogeza kichwa kushoto na kulia: kivuli cha nyuma huhama kidogo juu ya safu za pikseli, pikseli iliyokufa haihami.

Ukubwa huo wa pikseli pia unaonyesha jambo ambalo wengi hawalitegemei. Chembe ya vumbi laini la kuvutwa puani ina maikromita 10 au pungufu, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya pikseli. Ikikaa peke yake hutaiona. Doa linaloonekana kwa macho ni ama punje ya mchanga, au uzi wa kitambaa, au mkusanyiko wa chembe nyingi zilizoingia kwa njia moja. Tazama basi liko wapi. Madoa yaliyojipanga karibu na spika ya sikioni, au juu ya tundu la chaja, yanaonyesha mlango uliotumika.

Milango hiyo hufunguka kwa sababu nyepesi. Simu iliyofungwa kwenye usukani wa pikipiki hupata joto la jua mchana na kupoa jioni. Hewa ndani hutanuka ikatoka, kisha hujikusanya ikavuta nyingine kutoka nje, pamoja na vumbi lake. Gundi ya pembeni iliyotoka kiwandani hupunguza uvutaji huo. Fundi akishaifungua simu mara moja na kuifunga kwa gundi ya kawaida, kinga ile hairudi ilivyokuwa, hata kama simu ilinunuliwa ikiwa na alama ya kuzuia vumbi.

Sitaki mafundi wa Boulevard de la Libération wabebe lawama isiyo yao. Chumba safi cha daraja la ISO 5 kinaruhusiwa kuwa na chembe 3,520 tu za maikromita 0.5 au zaidi katika mita moja ya ujazo ya hewa; daraja la 9, lililo karibu na hewa ya chumba cha kawaida, linafika chembe 35,200,000. Kibanda cha mbao kando ya barabara ya udongo hakimo hata kwenye jedwali hilo. Anayefungua karatasi za mwanga humo na kuzirudisha bila doa ana mkono wa sifa. Wajuzi huifanya kazi hiyo asubuhi na mapema, au mara baada ya mvua, wakiwa wamemwagia sakafu maji, na hawavui karatasi ya kinga ya kioo hadi dakika ya mwisho, kwa sababu kuivua huzalisha umeme tuli unaovuta vumbi.

Vumbi hilohilo laweza kuwa doa jeusi au doa jeupe. Likikaa juu ya karatasi za kuelekeza mwanga, huuzuia, na unaona weusi. Likikaa kwenye lile bamba la plastiki, huvunja safari ya mwanga uliokuwa ukigonga kuta bila kutoka, nao unachomoka hapo hapo: doa jeupe, linalong'aa kuliko jirani zake. Shinikizo hufanya vivyo hivyo. Mahali popote karatasi ya nyuma inapobanwa ikagusana na bamba kuliko inavyopaswa, mwanga hutoka. Ndiyo maana simu iliyokaliwa mfukoni huota madoa meupe ya mviringo bila chembe moja ya vumbi kuingia.

Mwanga unaovuja pembeni ni jambo la jirani. Weka picha nyeusi. LCD haina weusi kamili. Vioo vingi vya aina ya IPS hutoa weupe unaong'aa mara 1,000 hivi kuliko weusi wake, kwa hiyo ukungu mwepesi gizani ni wa kawaida. Uliza jambo moja tu: ukungu huo unahama? Ukiinamisha simu na ukungu ukahamia kona nyingine, au ukafifia, hiyo ni tabia ya fuwele zenyewe na hakuna cha kutengeneza. Ukibaki palepale kwenye ukingo, mwanga unavuja kweli. Fremu imepinda, au utepe mweusi wa kuzunguka bamba umebanduka, au kioo kipya hakikukaa vizuri mahali pake. Hapo kukaza upya na kubandika utepe hutosha mara nyingi.

Lakini kuna doa moja linalonitia wasiwasi, na ndilo lililonifanya niandike. Ni lile jeupe, pana, lisilo na mpaka, linalotokea katikati ya simu badala ya ukingoni, na kukua wiki hadi wiki. Chini ya hapo kuna betri. Betri za ioni za lithiamu huzeeka kwa kutoa gesi ndani ya mfuko wake. Joto, chaji iliyozidi na betri duni huharakisha hali hiyo. Mfuko ukivimba, unasukuma kioo kutoka nyuma, karatasi zinabanana, mwanga unatoka. Mwenye simu anaona doa; kumbe anaona betri.

Laza simu kifudifudi juu ya meza iliyonyooka, uigonge kidogo kwenye kona. Ikizunguka au kubembea, tumbo limetoka. Weka ukingo wa rula juu ya kioo na mgongoni, utazame mwanga unaopenya chini yake. Ukithibitisha, izime, usiichaji tena hata kwa usiku mmoja, usiibonyeze kurudisha kioo mahali pake, na usiruhusu mtu aitoboe ili "gesi itoke". Gesi hiyo inawaka moto. Iweke simu kwenye chombo cha chuma chenye mchanga mkavu, mbali na godoro na watoto, hadi fundi aitoe. Kubadilisha kioo na kuiacha betri hiyo ndani ni kulipia dalili na kubaki na hatari.

Madoa mengine yanahitaji maneno machache. Weusi unaosambaa kama wino kwenye LCD ni fuwele zilizovuja baada ya kioo cha ndani kupasuka, na hapo kubadilisha hakuepukiki. Simu za OLED hazina taa ya nyuma, kwa hiyo mwanga wake hauvuji; kwenye simu hizo doa jeusi linalokua kutoka ukingoni ni unyevu ulioingia na kuua tabaka linalotoa mwanga, nalo halitibiki. Kioo kilichokuwa giza ghafla huku simu ikiendelea kulia, kimulike kwa tochi kwa pembeni: ukiona picha hafifu, taa ya nyuma ndiyo iliyozimika, picha iko salama.

Na kuna madoa ya juu tu. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, klorini ilikuwa kila mlangoni Ituri, na wengi walizoea kuipangusia simu. Klorini hula utando wa kuzuia mafuta ya vidole na kuacha mabaka yanayoonekana ukikiinamisha kioo kwenye mwanga. Vumbi letu nalo lina chembe za kwatzi, zenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, na kioo cha simu huanza kuchubuka karibu na 6. Kulipangusa likiwa kavu kwa pindo la shati ni kukikwaruza. Puliza kwanza, kisha tumia kitambaa laini chenye unyevu kidogo.

Ukienda kwa fundi, nenda na doa lako ukiwa umelisoma, umwambie uliloliona kwenye nyeupe na kwenye nyeusi. Mwombe akufungulie mgongo mbele yako na muitazame betri kwa pamoja. Kama kioo kitabadilishwa, akiunganishe na kukiwasha kabla ya kupaka gundi, akiinamishe huku na huku, mtazame pembe zote nne. Na betri ikiwa tambarare, na safu za pikseli zikiwa salama chini ya tone la maji, muulize bei ya kusafisha karatasi za mwanga kabla ya kukubali bei ya kioo kizima.