Ukungu wa Madirishani Unaanzia Ukutani

Masika ikishika, kuanzia Machi hadi Mei, nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar huanza kuvunda ndani. Ifuate harufu hiyo, nayo itakufikisha dirishani: vidoa vyeusi kwenye pembe za fremu, utando wa kijivu juu ya ubao, rangi imefura na kubanduka pale nondo zilipozama kwenye mbao.

Dawa ya wengi ni jiki. Humwagwa kwenye kitambaa, dirisha likasuguliwa, weusi ukatoweka mbele ya macho na kila mtu akaridhika. Mvua zikiendelea, weusi nao unarudi. Sababu ni kwamba ubao hunywa maji. Klorini hubaki juu ikififisha rangi ya kuvu, ilhali maji yaliyokuja nayo huzama ndani, kuvu ikazidi kunyweshwa. Kwenye kioo au vigae jiki inafaa; kwenye dirisha la mbao, kwa maoni yangu, ni kupaka poda tu.

Afadhali siki nyeupe. Fungua dirisha, vaa glovu na barakoa, kisha upanguse kwanza kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya sabuni, kwani ukungu mkavu ukisuguliwa hutawanya mbegu zake chumba kizima. Paka siki isiyozimuliwa, iache kama saa moja, kisha sugua kwa brashi kufuata mistari ya ubao. Kwenye pembe na chini ya nondo, mswaki mkuukuu hufanya kazi vizuri kuliko brashi yoyote ya dukani. Futa kwa kitambaa safi, ukaushe siku hiyo hiyo, hata kwa feni. Siki na jiki zisikutane kamwe: zikichanganyika hutoa gesi ya klorini, nayo hudhuru mapafu.

Na ile rangi inayobanduka? Rangi za mafuta za zamani mara nyingi zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Usiipige msasa rangi hiyo ikiwa kavu. Lowesha kwanza, kwangua taratibu, kusanya maganda yote, na watoto wawe mbali.

Hadi hapo umesafisha tu. Maji yanayolisha ukungu bado yanakuja, na nyumba hizi zina njia zake za kuyaleta. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa hupitisha unyevu: ukuta hulowa wakati wa mvua, ukakauka jua likirudi. Akaja fundi na saruji, akaziba nyufa, akapiga plasta ngumu kuzunguka madirisha. Saruji haipitishi unyevu kama chokaa, basi maji yaliyonaswa ukutani hutafuta pa kutokea, na mara nyingi hapo ni kwenye fremu. Anayeziba ufa wa nyumba ya chokaa kwa saruji anaiharibu, hata kama kazi yake inapendeza macho.

Kiyoyozi nacho kina lake. Chumba kikipozwa sana, kioo hupoa, na hewa nzito ya pwani ikigusa upande wa nje hugeuka matone yanayotiririka hadi kwenye ubao. Punguza ubaridi, usianike nguo chumbani, zibua mabomba ya paa kabla ya mvua. Kuvu inayoozesha mbao huhitaji ubao wenye unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi. Chini ya hapo, dirisha la msaji au mvule hudumu vizazi.

Wapo waliochoka wakang'oa mbao na kuweka alumini. Kabla hujawaiga, kumbuka kuwa Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na dirisha la nyumba yako halibadilishwi bila kibali. Fedha ya alumini mpe fundi wa chokaa, atoe ile saruji kwanza.